Maswali ya wasomaji: Ile picha kwenye slaidi ni ya nani?

*Nafundisha Jiografia sekondari. Slaidi zangu za milima ya Rwenzori zina picha 14, na chini ya kila moja nimeandika "Chanzo: Google". Mwalimu mwenzangu anasema hapo sijataja chanzo chochote. Ni kweli? – Mwalimu, Kasese*

Ni kweli, mwalimu. Google inatafuta tu, haikupiga hata moja kati ya picha hizo 14. Ukiandika "Chanzo: Google" ni sawa na kumwambia mtu kwamba nukuu yako umeitoa "rafuni". Mwanafunzi akiuliza picha ya barafu ilipigwa lini, wewe jibu huna. Na kwa Rwenzori swali hilo ni la msingi, maana barafu ya mwaka 1906 si barafu ya leo.

Kosa huanzia pale unapohifadhi picha ukiwa bado kwenye orodha ya matokeo. Bofya picha, kisha fuata kiungo mpaka ukurasa wenyewe uliobeba picha hiyo. Huko ndiko kwenye jina la mpiga picha, tarehe na leseni. Ukikuta ni blogu iliyoichukua kwingine, rudi nyuma tena. Google Lens, zana ya Google ya kutafuta kwa kutumia picha, itakuonyesha kurasa nyingine zenye picha ileile, na mara nyingi iliyo kubwa kuliko zote ndiyo iliyo karibu na mwenyewe. Ukishindwa kabisa kumpata, tafuta picha nyingine. Kila picha ina mwenyewe, hata kama wewe hujamwona.

Sheria ya Uganda ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 2006 inamlinda mpiga picha tangu picha ilipopigwa, hata kama hakuisajili popote. Sheria hiyohiyo inampa mwalimu nafasi: kazi iliyokwisha kuchapishwa inaweza kutumika kama mfano wa kufundishia, kwa kiasi kinachohitajika na kwa namna ya haki, mradi kazi na mwenyewe watajwe. Soma sharti hilo la mwisho mara mbili. Ruhusa ya mwalimu imefungwa pamoja na kutaja jina, kwa hiyo asiyetaja ameiacha ruhusa yenyewe. Tena nafasi hiyo ni ya somo. Ukizipeleka slaidi hizohizo kwenye mafunzo ya kulipia hotelini, usiitegemee.

Njia salama zaidi ni kuanza na picha zenye leseni huria, yaani ambazo wenyewe wameruhusu zitumike kwa masharti waliyoyataja. Kwenye Google, baada ya kutafuta picha, fungua "Tools", kisha "Usage Rights", uchague "Creative Commons licenses". Au nenda moja kwa moja Wikimedia Commons, hazina ya picha huria mtandaoni, ambako leseni imeandikwa chini ya kila picha. Herufi zake si mapambo. BY maana yake mtaje mwenye kazi. NC, isitumike kwa biashara. ND, usisambaze uliyoibadilisha, kwa hiyo iweke nzima bila kuikata. SA, ukiibadilisha na kuitoa, itoe kwa leseni ileile. CC0 haidai chochote, lakini kumtaja mtu ni jambo jema hata pasipo kulazimishwa.

Kwa somo lako hasa, mtafute Vittorio Sella, Mwitaliano aliyepiga picha za Rwenzori mwaka 1906 katika msafara wa Duke wa Abruzzi, mtu wa ukoo wa kifalme wa Italia. Alifariki mwaka 1943. Hata katika nchi zinazohesabu maisha ya mtunzi na miaka 70 baada ya kifo chake, muda wa hakimiliki yake ulikwisha. Hata hivyo mtaje, kwa sababu jina na mwaka ndivyo vinavyoifanya picha iwe ushahidi:

*Picha: Vittorio Sella, Rwenzori, 1906. Wikimedia Commons. Hakimiliki imekwisha.*

Picha ya leseni huria iandike hivi, ukiweka jina kama mwenyewe alivyoliandika, hata likiwa jina la mtandaoni:

*Picha: jina la mpiga picha / Wikimedia Commons / CC BY-SA 4.0 / imekatwa upande wa kushoto.*

Hayo maneno "imekatwa" wengi huyasahau. Leseni inataka useme umebadilisha nini.

*Maelezo ya chanzo yakae chini ya kila picha au yote kwenye slaidi ya mwisho? Msimamizi wangu anasema yanachafua slaidi. – Mwanafunzi wa chuo kikuu, Kampala*

Weka pote pawili, kwa vipimo tofauti. Kwenye slaidi yenyewe inatosha mstari mmoja mfupi ukingoni mwa picha, kona ya chini, herufi za ukubwa wa 10 hadi 12 wakati maandishi yako ya kawaida ni 24 au zaidi. Picha ikijaza slaidi nzima, chora ukanda mwembamba mweusi chini na uandike kwa rangi nyeupe. Kisha chagua picha na maandishi yake pamoja na ubonyeze Ctrl na G ili vishikane. Usipofanya hivyo, siku utakayonakili picha kwenda slaidi nyingine, jina litabaki nyuma.

Slaidi ya mwisho ndiyo ya maelezo kamili: namba ya slaidi, jina la picha, mwenyewe, anwani ya ukurasa, leseni. Namba hizo ziandike ukishamaliza kupanga kila kitu, kwa kuwa slaidi moja ikisogezwa, orodha nzima inadanganya. Usitegemee kiungo kilichofichwa nyuma ya neno, kwa sababu kikichapishwa kwenye karatasi hakuna wa kukibofya.

Hoja ya msimamizi wako tunaielewa, lakini slaidi huibiwa moja moja. Mtu akiipiga picha kwa simu na kuituma WhatsApp, ile ya mwisho yenye majina haifuatani nayo.

Na usisahau tarehe pale ambapo kitu chenyewe kimebadilika. Picha ya Makaburi ya Kasubi, walikozikwa wafalme wa Buganda, isiyosema kama ni ya kabla au baada ya moto wa Machi 2010 inampotosha mtazamaji, hata kama mpiga picha ametajwa vizuri.

*Picha zangu zinaonekana safi kwenye simu, lakini kwenye projekta zinakuwa ukungu. Nilipoweka kubwa zaidi, faili ilikataa kutumwa kwa barua pepe. – Afisa wa shirika, Gulu*

Ukungu unatokana na picha ndogo iliyonyooshwa. Kijipicha cha matokeo ya Google kina upana wa pikseli mia mbili au mia tatu hivi. Hata ukipata ya pikseli 400, ukiitandaza kwenye skrini ya pikseli 1920, kila nukta inavutwa karibu mara tano kwa upana. Hakuna kitufe cha kuirudisha. Nenda kwenye ukurasa wa chanzo uchukue faili kubwa, nawe utalikuta jina la mpiga picha hapohapo.

Sababu ya pili ni WhatsApp. Inabana picha na kufuta taarifa zilizofichwa ndani ya faili, kama tarehe ya kupigwa. Mwambie mwenzako akutumie kama dokumenti, si kama picha.

Kuhusu uzito, kamera nyingi hutoa picha ya pikseli 6000 kwa 4000, na hizo 6000 projekta haiwezi kuzionyesha. Gmail nayo haitumi kiambatisho kinachozidi megabaiti 25. Kwenye PowerPoint chagua picha yoyote, fungua "Picture Format", kisha "Compress Pictures". Ondoa alama kwenye "Apply only to this picture", weka 150 ppi, yaani pikseli 150 kwa kila inchi. Slaidi pana ina upana wa inchi 13.33, kwa hiyo 150 inakupa pikseli 2000, ambazo zinatosha. Hifadhi kwanza nakala ya faili la awali, kwa sababu kilichobanwa hakirudi.

*Nawafundisha wahudumu wa afya ya jamii. Nina picha za vidonda vya wagonjwa, nimezikata nyuso zisionekane. Inatosha? – Muuguzi, Arua*

Haitoshi, dada au kaka, na tunaomba ulishughulikie kabla ya kutuma faili kwa yeyote. Ukikata picha ndani ya PowerPoint, sehemu iliyokatwa imefichwa tu. Anayepokea faili akibofya "Crop" uso wote unarudi. Kisanduku cheusi ulichoweka juu ya macho kinainuliwa kwa kipanya kama kifuniko cha sufuria. Kata picha nje kabisa, kwenye simu au programu ya picha, hifadhi nakala mpya, na hiyo ndiyo uiweke. Kama picha tayari imo, tumia "Compress Pictures" ukiwa umeweka alama kwenye "Delete cropped areas of pictures". Angalia pia kovu, chale, nguo au kitanda chenye jina la kituo. Kijijini mtu hutambulika kwa kanga yake.

Ruhusa nayo ni jambo tofauti na uso. Sheria ya Uganda ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inaihesabu hali ya afya ya mtu kuwa taarifa ya pekee, na kwa mtoto inahitajika idhini ya mzazi au mlezi. Mtu aliyekubali kupigwa picha kwa ajili ya matibabu hajakubali kuonyeshwa ukumbini. Muulize kwa lugha anayoielewa, mwambie nani ataiona, na uandike alichokubali.

*Nimempata mpiga picha mwenyewe, lakini picha haina leseni yoyote. Nimwandikieje? – Mwanafunzi, Mbarara*

Kwa ufupi, na umpe kila anachohitaji ili ajibu mara moja. Mathalani: "Habari za kazi. Naomba ruhusa ya kutumia picha yako hii (weka kiungo) katika wasilisho la darasa, watu wapatao 40, tarehe fulani. Slaidi hazitawekwa mtandaoni. Nitaandika jina lako kama utakavyopenda. Je, unaruhusu, na niandike jina gani?" Ukinuia kuziweka mtandaoni baadaye, sema sasa, kwa kuwa ruhusa ya darasani haifiki huko. Kimya chake si ndiyo. Akikubali, lihifadhi jibu lake kwenye folda moja na faili la slaidi.