Homa inayokuja na kuondoka: majibu kwa wasomaji

Shikamoo daktari. Naishi Berlin, mume wangu ni Mturuki. Binti yetu wa miaka 6 hushikwa na homa kali na tumbo kumuuma hadi anajikunja. Siku mbili baadaye anacheza kama hakuna kilichotokea. Hospitali wamesema ni homa ya Mediterania ya kurithi. Ndiyo nini?

Marahaba mama, na pole kwa usiku hizo. Ni ugonjwa wa jeni iitwayo MEFV, iliyotambuliwa mwaka 1997. Jeni hiyo hutengeneza protini ya pairini, ambayo kazi yake ni kuamsha kinga ya mwili vijidudu vinapoingia. Ikiwa na hitilafu, kinga huamka bila adui yeyote. Kemikali iitwayo intalukini-1 humwagika, joto hupanda, na utando unaozunguka matumbo huvimba. Wengine huumwa kifua wanapovuta pumzi, au goti na kifundo cha mguu huvimba, au ngozi ya mguu chini ya goti huwa nyekundu. Shambulio hudumu kati ya nusu siku na siku 3, kisha hutulia lenyewe. Maumivu ya tumbo hufanana mno na ya kidole tumbo, na wapo wagonjwa waliopasuliwa bure kabla ya ugonjwa kujulikana.

Huwapata zaidi Waturuki, Waarmenia, Waarabu na Wayahudi wenye asili ya nchi zinazoizunguka bahari hiyo. Kwa wengi shambulio la kwanza huja utotoni au ujanani.

Lakini kwetu Tanzania hakuna mwenye ugonjwa huu. Aliupataje?

Kwa kawaida mtoto huugua akirithi jeni yenye hitilafu kutoka kwa baba na kwa mama pia, na wazazi wenyewe huweza kuwa wazima kabisa. Hata hivyo wapo wagonjwa ambao kipimo kimeonyesha hitilafu moja tu, na bado wanaugua kweli. Kwa hiyo asili yako haitoshi kuufuta ugonjwa huu, wala karatasi ya maabara peke yake haitoshi. Daktari huangalia mwenendo wa homa, na jinsi mtoto anavyoitikia dawa. Usikubali mtu yeyote, ndugu au jirani, akugeuzie jambo hili kuwa lawama kwa ndoa yako.

Amepewa kolchisini ya kila siku. Sasa ni mzima. Kwa nini aendelee?

Swali hili ndilo linaloninyima raha kuliko yote, maana hapa ndipo wengi hukosea. Maumivu yakiisha, haimaanishi kwamba mwili umetulia. Kwa baadhi ya wagonjwa uvimbe wa chinichini huendelea, na ini hutoa protini ambayo taratibu hujikusanya kwenye figo kama amiloidi, yaani mabaki ya protini yanayoganda na kuharibu kiungo. Haiumi, haitoi homa. Mgonjwa hugundua baadaye, miguu imeanza kuvimba na mkojo una protini nyingi. Kabla kolchisini haijaanza kutumika kwa ugonjwa huu mwaka 1972, wengi walipoteza figo kwa njia hiyo.

Kwa hiyo dawa ni ya siku zote, hasa siku nzuri. Mkojo wake upimwe protini mara kwa mara kama daktari atakavyopanga. Akiharisha, mwambie daktari arekebishe kiasi cha dawa, usiikate mwenyewe. Pia ifungie kabatini, kwa kuwa ikizidi ni sumu kali. Akiandikiwa antibiotiki ya klarithromisini, taja kolchisini kwanza, kwani zikikutana kiwango cha kolchisini hupanda mwilini hadi kuhatarisha maisha. Na kama mashambulio yanaendelea ingawa dawa inamezwa sawasawa, zipo sindano zinazozuia intalukini-1, kama anakinra na kanakinumabu.

Ataambukiza wenzake shuleni?

Hapana, hata kidogo. Mwalimu aelezwe tu asimshangae.

Niko Muscat, nina ugonjwa huu na ni mjamzito. Niache kolchisini?

Usiache. Madaktari wa ugonjwa huu hushauri kuendelea nayo wakati wa ujauzito na kunyonyesha, kwani shambulio lenyewe linaweza kuchochea uchungu kabla ya wakati. Mwambie mkunga na daktari wako mapema.

Dar es Salaam: mwanangu hupata homa kila mwezi. Yawezekana ni huu?

Yawezekana, lakini huku kwetu ni nadra, kwa hiyo anza na yaliyo mengi: malaria, maambukizi ya njia ya mkojo, kifua kikuu, selimundu. Dai apimwe wakati homa ipo. Usikubali dawa ya malaria inayotolewa kwa mazoea bila kipimo. Upo pia ugonjwa mwingine wa watoto wadogo, ambao homa huja kwa kalenda, kila wiki 3 hadi 6, pamoja na vidonda vya mdomo, koo jekundu na tezi za shingo kuvimba. Huo kwa kawaida huisha mtoto anapokua.

Chukua daftari. Andika tarehe, joto kwa kipimajoto, kilichouma na siku iliyoisha. Omba kipimo cha CRP, yaani cha damu kinachoonyesha uvimbe mwilini, akiwa na homa na kingine akiwa mzima. Kikipanda na kushuka hivyo mara kadhaa, na hakuna mdudu aliyeonekana, omba rufaa kwa daktari bingwa wa watoto na umpe daftari hilo.