Ghala, ubaunsa na upolisi wa kujitolea: kipi kinakaa na kipi?

Swali: Afande, shikamoo. Mimi ni Mtanzania, naishi Leicester, nina ukaazi wa kudumu. Kazi yangu ni ya ghalani, siku nne kazini, nne mapumziko, na Jumamosi usiku nasimama mlangoni mwa klabu kama baunsa. Nasikia Uingereza mtu anajitolea upolisi bila kuacha kazi yake. Je, ni kama mgambo wa nyumbani? Na bosi ana neno gani hapo?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Mimi mchana ni mhasibu na huu ni mwaka wangu wa tisa katika upolisi wa kujitolea, kwa hiyo swali lako nalijua kwa ndani.

Tuanze na swali la mgambo: huku unakuwa polisi kamili. Konstebo wa kujitolea wa England na Wales anakula kiapo na kupewa mamlaka yale yale ya konstebo anayelipwa: kukamata, kupekua, kuingia ndani ya nyumba pale sheria inaporuhusu. Tangu 2007 mamlaka hayo yanafika kila kona ya England na Wales, hata nje ya eneo la kikosi chake. Mshahara ndio haupo. Unarudishiwa nauli na gharama zako, na vikosi vingi vinataka uwape angalau saa 16 kwa mwezi.

Utanzania wako hauzuii kitu. Ukaazi wa kudumu usio na masharti unatosha. Mwenye viza ya kazi tu ndiye atakayesubiri. Kwenye upekuzi, yaani uchunguzi wa historia yako kabla hujakubaliwa, wataangalia miaka yako mitatu ya mwisho ukiwa hapa, madeni yako, unachoandika mitandaoni, na watu unaoishi nao. Kama una mke, mwambie kabla hujajaza fomu, maana na jina lake litapita humo.

Sasa ubaunsa. Hapo utakwama, na ni bora uusikie kwangu kuliko kwenye barua ya kukataliwa. Kazi za ulinzi binafsi na za mlangoni zimo kati ya zile zisizochanganyika na upolisi huu, pamoja na udalali wa mahakama wa kukamata mali za wadaiwa. Fikiria usiku mmoja tu: mteja anapigwa ndani ya klabu, mwenye klabu anayekulipa hataki kesi, na wewe una kiapo. Utamtii nani? Kwa hiyo itabidi uchague, na usijaribu kuficha. Leseni ya ubaunsa itaonekana, na kusema uongo kwenye upekuzi ni kosa zito kuliko ubaunsa wenyewe.

Ghalani hakuna shida ya namna hiyo, ila kuna mtego wake. Siku msimamizi akijua wewe ni polisi, atakuomba upekue mabegi ya wenzako kwa sababu simu zimepotea. Kataa kwa adabu. Pale wewe ni mfanyakazi wake, na mamlaka ya konstebo hayatumiki kumfanyia mwajiri kazi zake. Wizi ukitokea, apigiwe simu polisi aliye zamu. Ukishuhudia mtu anashambuliwa mbele yako, hilo ni jambo jingine; mamlaka unayo hata ukiwa nje ya zamu, lakini uko peke yako, huna redio wala pingu. Mara nyingi jambo la busara ni kupiga namba ya dharura, 999, na kuwa shahidi mzuri.

Mtego mwingine unatoka kwetu wenyewe. Ndugu na majirani watakuja: "Hebu niangalizie huyu kijana anayetaka kumuoa binti yangu." Kufungua kompyuta ya polisi bila sababu ya kikazi ni jinai, na kila unachotafuta kinabaki kwenye rekodi. Wapo polisi waliofikishwa mahakamani kwa hilo. Waambie mapema, wakikasirika watapoa.

Kuhusu bosi: sheria haimlazimishi akupe siku za kwenda upolisi. Wapo waajiri walioingia katika mpango maalumu wa kutoa likizo yenye malipo kwa ajili hiyo. Ulizia ofisi ya rasilimali watu kama kampuni yako imo. Hata kama haimo, mjulishe. Siku ukiitwa mahakamani kutoa ushahidi utahitaji aelewe kwa nini haupo. Na ukiumia kwenye zamu ya polisi, zipo kanuni za mafao ya majeruhi za mwaka 1987 zilizotungwa kwa ajili ya makonstebo wa kujitolea.

Zamu zako za nne kwa nne zinakubeba vizuri baada ya kuapishwa. Ugumu uko kabla: mafunzo huchukua miezi, na mengi yake huangukia wikendi. Chukua kalenda ya ghala, hesabu ni Jumamosi na Jumapili ngapi zinaangukia siku zako za kazi, kisha tafuta mwenzako wa kubadilishana naye zamu. Hilo lifanye wiki hii, kabla hujagusa fomu.