Kushusha Mercedes W124: milimita 60 ni nyingi mno

Kaka, hizo milimita 60 unazotaka kuishusha W124 yako, kila tuta litakukumbusha. Ishia 30, ukizidi sana 40.

Kabla ya kununua springi, chungulia ile mipira inayokaa juu yake. Ina vinundu pembeni: kimoja maana yake mpira una unene wa milimita 8, viwili 13, vitatu 18, vinne 23. Watu wengi hawajui hili, wananunua springi fupi na kuziwekea mipira minene, halafu wanalalamika gari halijashuka. Wakati mwingine kuweka mipira myembamba tu kunatosha, maana springi za gari la 1990 huwa zimeshalala zenyewe. Angalia pia kama nyuma kuna ule mfumo wa haidroliki unaosawazisha wenyewe kimo cha gari. Springi zake ni tofauti na za kawaida.

Shokapu za zamani na springi fupi ngumu haviendani, gari litadunda kama mpira. Badilisha vyote kwa pamoja.

Kazi ya mbele usimpe fundi mwenye vibanio vya kulabu vya nje. Springi ile inakaa peke yake juu ya mkono wa chini, inataka kibanio cha kupita katikati. Ikimchomoka inaua, sitanii. Bolti za bushi, ile mipira ya maungio ya mkono, zikazwe gari likiwa limekanyaga chini, kisha piga alaimenti ya magurudumu, la sivyo matairi yataliwa upande wa ndani.

Na atakayekuambia akate koili ya springi kwa grenda, ondoka na gari lako.