Mtangazaji wa gemu akitukana taifa: namna ya kubishana bila kuzidisha tusi

Mtangazaji wa mashindano ya gemu akitamka hewani neno la kudharau watu wa taifa fulani, haichukui saa moja mtandao umeshagawanyika. Kuna wanaotaka afukuzwe leo hii, na kuna wanaosema ulikuwa utani tu na watu wa siku hizi wanakwazika upesi. Ikifika kesho yake jioni, alichosema mtangazaji kimesahaulika. Mashabiki wanatukanana wao kwa wao, kila mmoja kwa jina la nchi ya mwenzake. Waliotukanwa mwanzo sasa wametukanwa mara elfu.

Haya yanaepukika iwapo wachache kwenye mjadala watang'ang'ania kitu kimoja: maneno yenyewe. Alisema nini, akimlenga nani, na nani ana mamlaka ya kuchukua hatua.

Kwanza pata sentensi nzima

Klipu ya Twitch, tovuti ya kutangaza gemu mubashara, haizidi sekunde 60, na zile zinazosambaa zaidi huwa zimekatwa zikabaki sekunde kumi hivi. Usiandike chochote kwa kutegemea klipu. Tafuta rekodi ya matangazo yote, rudi nyuma dakika tatu kabla ya tukio, kisha endelea dakika mbili mbele.

Unaposikiliza, hakikisha kwanza ni nani aliyesema. Mechi nyingi hutangazwa na watu wawili, mmoja anasimulia mchezo na mwingine anachambua, na kwenye klipu yenye kelele za ukumbi sauti zao huchanganyika. Kosa la kumlaumu mwenzake hutokea mara nyingi kuliko watu wanavyodhani, na likishasambaa halirudi. Kisha sikiliza alikuwa anajibu nini, na mwenzake alifanya nini baada ya pale: alicheka, alinyamaza, au aligeuza mazungumzo? Kicheko cha mwenzake ni sehemu ya tukio, maana ndicho kinachomwambia msikilizaji kwamba tusi limeruhusiwa.

Fanya hivyo siku hiyohiyo. Twitch huhifadhi rekodi za chaneli ya kawaida kwa siku 7, za mshirika wa ngazi ya kwanza (Affiliate) kwa siku 14, na za mshirika kamili (Partner) kwa siku 60. Mwenye chaneli anaweza kuzifuta hata kabla ya hapo. Andika saa, dakika na sekunde ya tukio, kisha nakili sentensi neno kwa neno. Skrinishoti ya mtu aliyenukuu kwa kumbukumbu haitoshi. Akiwa amekosea, sasa kosa ni lako pia.

Kama maneno yalisemwa kwa lugha usiyoijua, usitegemee manukuu ya kompyuta. Hayo huvurugika zaidi palepale kwenye maneno ya mtaani, ambako ndiko tusi hukaa. Tafuta watu wawili walioizungumza lugha hiyo tangu utotoni, wasiojuana, kila mmoja atafsiri peke yake. Baada ya tafsiri waulize swali moja zaidi: neno hili nani humwambia nani, na likitoka kinywani mwa nani mtu hukasirika? Kuna majina ambayo marafiki huitana wakicheka, lakini yakitoka kwa mgeni mwenye kipaza sauti ni matusi matupu. Tafsiri ya kamusi haiwezi kukuonyesha tofauti hiyo.

Hata picha isiyo na neno inaweza kuwa tusi. Machi 2018 ligi ya gemu la Overwatch ilimtoza mchezaji xQc dola 4,000 na kumsimamisha mechi nne, na moja ya makosa yake ilikuwa kutumia kikaragosi cha chati kwa namna ya kudhalilisha watu kwa rangi yao. Kikaragosi hicho kilitumika kila siku na maelfu ya watu bila shida. Ligi iliangalia jinsi kilivyotumika.

Kuchambua mchezo ni kazi, kutukana uzao ni kitu kingine

Utetezi unaorudiwa sana ni huu: "Alikuwa anachambua mtindo wao wa kucheza." Wakati mwingine ni kweli, kwa hiyo upime badala ya kuutupa. Sentensi ya uchambuzi unaweza kuirudia kwenye rekodi ya mechi ukaona ni kweli au si kweli. "Wamechelewa kurudi nyumbani mara tatu baada ya kumuua mnyama mkubwa, na kila mara wamepoteza mnara" ni uchambuzi, hata kama unauma. "Hawa watu ndivyo walivyo, kwao hakuna anayefikiri" hauna mahali pa kuurudia, maana hauzungumzii chochote kilichotokea kwenye ramani.

Katikati kuna eneo gumu: mitindo inayohusishwa na nchi. Kwa miaka mingi timu za China kwenye gemu la Dota 2 zilisemwa kuwa zinacheza kwa subira na kwa mfumo uleule. Hilo lilikuwa jambo la kujadiliwa kwa mifano. Kisha mwaka 2016 Wings Gaming, timu ya Wachina watupu, ikatwaa The International, shindano kuu la Dota 2, huko Seattle kwa kubadilisha mashujaa (wahusika wanaochezwa) karibu kila mechi, na mtangazaji aliyekuwa amegeuza mtindo kuwa tabia ya kuzaliwa akabaki hana la kusema. Tena timu nyingi si za taifa moja. OG iliyochukua ubingwa huo mwaka 2018 ilikuwa na Mdenmaki mmoja, Wafini wawili, Mfaransa mmoja na Mwaustralia mmoja. Ukilitukana "taifa la timu" hapo, unamtukana nani hasa?

Inafaa pia kujua matusi haya huzaliwa wapi, kwa sababu watangazaji wengi walikuwa wachezaji wa kawaida kabla ya kushika kipaza sauti. Mengi hutoka kwenye seva, yaani kompyuta za mbali zinazoendesha mchezo. Gemu humpeleka mchezaji kwenye seva fulani, na humo wanakutana watu wa nchi tofauti wasio na lugha moja. Aliye mbali na seva anachelewa kwa milisekunde 200 au zaidi, kwa hiyo anafika vitani vita vimekwisha. Wenzake hawaoni umbali wa waya. Wanaona bendera na lugha. Hivyo ndivyo wachezaji wa Peru walivyogeuzwa kichekesho kwenye seva za Marekani za Dota 2, na Warusi kwenye seva za Ulaya Magharibi. Ukiwa mtangazaji, usiku wa kwanza wa kazi andika orodha ya maneno ya seva uliyoyazoea na uyakatae moja moja, maana mechi ikipamba moto ulimi hukimbilia kwenye mazoea.

Adhabu: nani anaamua, na wengine waliamuliwaje

Mashabiki hudai adhabu bila kujua wa kumdai. Watangazaji wengi hawana ajira ya kudumu. Hukodiwa kwa shindano moja moja. "Kufukuzwa" kwao mara nyingi ni kutopigiwa simu shindano lijalo, bila barua wala maelezo. Kwa hiyo anayedai haki adai uamuzi wa maandishi: kosa ni lipi, kanuni gani imevunjwa, adhabu ni ya muda gani. Peleka malalamiko kwa mwandaaji wa shindano, ukiambatanisha muda wa tukio na sentensi uliyoinakili. Nakala iende kwa kampuni inayomiliki gemu. Kama chombo ni Twitch, sera yake dhidi ya chuki iliyoanza kutumika Januari 2021 inataja wazi asili ya taifa miongoni mwa mambo inayoyalinda, kwa hiyo ripoti ichague kipengele hicho, isichague "mengineyo". Kukimbilia wadhamini kabla ya waandaaji ni kosa, kwa maoni yetu. Mdhamini hujitoa kimyakimya, hakuna anayejifunza kitu, na mtangazaji anabaki kujiita shujaa aliyeonewa.

Kabla ya kutaja adhabu unayoitaka, zijue zilizokwisha kutolewa. Mwaka 2014, kwenye mashindano ya dunia ya League of Legends, Svenskeren wa SK Gaming alifungua akaunti kwenye seva ya Taiwan kwa jina linalokejeli wenyeji. Riot, kampuni inayomiliki gemu hilo, ikamzuia mechi tatu za mwanzo za timu yake na kumtoza dola 2,500. Mchezaji wa akiba akashika nafasi yake. Adhabu ilikuwa na kipimo, ilitangazwa, na ikaisha.

Kesi ya Dota 2 ya Novemba 2018 ilikwenda vibaya, na inafaa kuangaliwa kwa ukaribu. Skem, mchezaji wa timu ya compLexity, aliandika kwenye chati ya mechi maneno yanayokejeli sauti ya Kichina. Siku chache baadaye Kuku wa timu ya TNC akaandika ya namna hiyohiyo. Wote wawili ni Wafilipino, na mjadala ukageuka ugomvi wa mashabiki wa Ufilipino na China. Mwishowe Valve, kampuni inayomiliki Dota 2, ikamzuia Kuku kwenda Chongqing Major, shindano kubwa lililofanyika China Januari 2019, na kuikata TNC asilimia 20 ya pointi zake za msimu, ikieleza kwamba timu ililishughulikia suala hilo vibaya, hata ikajaribu kuficha ukweli. Angalia uzito ulivyohama: sentensi ilikuwa ya sekunde mbili, lakini pointi zilikatwa kwa sababu ya wiki zilizofuata.

Adhabu ya pupa nayo ina gharama. Oktoba 2019 mchezaji wa Hearthstone Blitzchung alitoa kauli ya kuunga mkono maandamano ya Hong Kong kwenye mahojiano baada ya mechi. Haikuwa tusi kwa taifa lolote, lakini Blizzard, kampuni inayomiliki gemu hilo, ilimfungia mwaka mzima, ikamnyima zawadi yake na kuachana na watangazaji wawili waliokuwa kazini. Haikupita wiki, ikarudisha zawadi na kupunguza adhabu ya wote watatu hadi miezi sita. Ukipiga kelele ya "afukuzwe sasa hivi", kumbuka kwamba uamuzi wa siku ya kwanza huweza kuangukia hata aliyekuwa ameketi kando tu.

Kuomba radhi kunakosikika

Hapa ndipo watangazaji wengi hujimaliza. Sentensi inayoua ni hii: "Naomba radhi kama kuna yeyote aliyekwazika." Neno "kama" linasema huenda hakuna aliyekwazika, "yeyote" linawafuta waliotukanwa, na "aliyekwazika" linahamishia tatizo kwenye hisia zao. Makosa matatu katika maneno sita.

Radhi inayosikika ina umbo kama hili: "Jana kwenye mechi ya pili niliwadharau wachezaji kwa nchi wanayotoka. Niliyasema mimi na ni tusi. Walifungwa kwa sababu walichelewa kurudi kulinda kambi yao, si kwa sababu ya walikozaliwa. Nimewaandikia timu moja kwa moja. Sitatangaza mpaka waandaaji watoe uamuzi." Inataja kosa bila kurudia tusi lenyewe, inasahihisha uchambuzi, na inasema hatua inayofuata. Hakuna neno kuhusu uchovu, wala marafiki zake wa nchi hiyo. Itoke ndani ya saa 24, na itoke pia kwa lugha ya waliotukanwa, ikisomwa kwanza na mzungumzaji wake wa asili. Radhi yenye tafsiri mbovu hugeuka kichekesho kipya.

Kama wewe ndiwe mtangazaji mwenza, una sekunde kumi. Usicheke, usinyamaze. Sema "Hapana, hilo si sawa, tuendelee na mchezo," kisha taja tukio linaloonekana kwenye skrini. Wakati wa mapumziko mtayarishaji azungumze na mhusika kwenye hedifoni, na radhi ya kwanza fupi itoke kabla ya mechi inayofuata.

Ukiwa msimamizi wa chati au kundi

Fungua uzi mmoja tu wa mjadala na ufunge mingine yote. Juu yake bandika sentensi iliyonakiliwa, muda wake kwenye rekodi, na tafsiri mbili kama zipo. Weka kanuni moja na uifuate bila upendeleo: jina la taifa likitumiwa kama tusi linafutwa, hata anayelitumia akiwa anawatetea waliotukanwa. Hao ndio wengi husamehewa, na hapo ndipo upande wa pili huanza kupiga kelele za uonevu, tena kwa haki. Anwani, picha za familia na akaunti binafsi za mtangazaji zifutwe mara moja, na aliyezileta atolewe bila onyo.

Kwenye chati mubashara, usisubiri moto uwake. Mei 2016 kwenye DreamHack Austin, mchezaji wa Hearthstone Terrence Miller alimwagiwa matusi ya ubaguzi kwenye chati ya Twitch wakati akicheza, na wasimamizi walizidiwa na wingi. Siku hizi vifaa vipo. Amri ya /slow 30 humlazimisha kila mtu kungoja sekunde 30 kati ya ujumbe na ujumbe. Amri ya /followers huruhusu wanaofuata chaneli pekee kuandika, na unaweza kuweka muda ambao mtu awe ameifuata kwanza. AutoMod, kichujio cha Twitch cha ujumbe, ina ngazi hadi ya 4. Na Shield Mode huwasha kinga zote ulizoziandaa kwa mbonyezo mmoja. Kasoro ya vichujio ni kwamba hujua zaidi matusi ya Kiingereza, na mtu akiweka nukta katikati ya neno, linapita.

Kwa hiyo siku mtangazaji atakaporudi baada ya adhabu yake, washa mwendo wa polepole nusu saa kabla hajaingia hewani, ongeza kwa mkono maneno yaliyotumika kwenye ugomvi pamoja na tahajia zake zilizopindwa, na weka zamu msimamizi mmoja anayeijua lugha ya waliotukanwa.