Vikoa kadhaa kwenye akaunti moja: maswali na majibu

Nina programu tatu za wavuti na vikoa vitatu, ila seva niliyokodi ina anwani moja tu ya IP. Je, niongeze nyingine mbili?

La, hiyo moja inatosha. Kivinjari kinapoomba ukurasa hutaja jina la kikoa kwenye mstari wa Host. Kwa HTTPS hulitaja hata kabla ya hapo, wakati wa kuanzisha mawasiliano ya siri, kwa utaratibu uitwao SNI. Ndivyo seva inavyojua itoe cheti gani (faili linaloithibitisha tovuti kwa HTTPS) na ombi ilipeleke kwa programu ipi. Kwa hiyo rekodi A (zinazotaja IP ya kikoa kwenye DNS, daftari la majina ya mtandao) za vikoa vyote vitatu zielekee IP ile ile, kisha programu ya seva ya wavuti, yaani Nginx, Apache au Caddy, ikae mlangoni kama bawabu. Kila programu ipe poti yake ya ndani, tuseme 3001, 3002 na 3003, na isikilize 127.0.0.1 (anwani ya ndani ya seva yenyewe) peke yake ili mtu wa nje asiifikie bila kupita kwa bawabu.

Kwa Nginx, kila kikoa kiandikie faili lake:

```
server {
    listen 80;
    server_name duka.example www.duka.example;
    location / {
        proxy_pass http://127.0.0.1:3001;
        proxy_set_header Host $host;
        proxy_set_header X-Forwarded-Proto $scheme;
    }
}
```

Mistari miwili ya proxy_set_header ndiyo wengi huiruka, na taabu nyingi huanzia hapo. Bila ule wa Host, Nginx huiambia programu kwamba mteja ameomba 127.0.0.1:3001. Barua pepe ya kubadilisha nenosiri itamfikia mteja ikiwa na kiungo cha anwani hiyo, ambacho kwake hakifungui kitu. Bila ule wa pili, programu inayolazimisha HTTPS hudhani mteja amekuja kwa HTTP, humrudisha HTTPS alikotoka, naye hurudi vilevile, mpaka kivinjari kikatize mzunguko huo kwa ujumbe wa kosa. Programu nayo lazima iambiwe iuamini mstari huo. Kwenye Django, mfumo wa kuundia programu kwa Python, mpangilio wake ni SECURE_PROXY_SSL_HEADER, na jina la kikoa liwemo kwenye ALLOWED_HOSTS, la sivyo utapata kosa la 400. Ukimaliza, endesha `nginx -t` kwanza ili kuhakiki usanidi, ndipo `systemctl reload nginx` ili usomwe upya.

Kikoa changu cha pili kinafungua programu ya kwanza. Rekodi za DNS nimezihakiki, ziko sawa.

Basi tatizo liko kwa bawabu. Nginx ikikosa server_name inayolingana na jina lililoombwa, haikatai ombi, bali hulikabidhi kwa bloku ya `server` ya kwanza iliyosomwa kwenye poti hiyo. Angalia kama jina limekosewa herufi, kama www imesahauliwa, kama faili limeunganishwa kwenye sites-enabled, folda ya usanidi ambayo Nginx huisoma, na kama uliiamuru Nginx isome usanidi upya. Chanzo kinachojificha zaidi ni hiki: kikoa cha kwanza kina bloku ya poti 443 (ya HTTPS), cha pili kina ya poti 80 (ya HTTP) peke yake. Atakayefungua kikoa cha pili kwa https ataangukia kwa cha kwanza, tena akiwa na onyo la cheti.

Tunashauri uweke bloku ya kuzuia majina yasiyojulikana: `listen 80 default_server; server_name _; return 444;`. Hiyo 444 hukata mawasiliano bila kujibu. Kwa poti 443, kuanzia Nginx 1.19.4, iwekee bloku yake ya default_server yenye `ssl_reject_handshake on;`. Kuanzia hapo jina lililokosewa litaonyesha kosa wazi, nawe utajua pa kutazama.

Mtoa huduma ananitaka niweke CNAME kwenye duka.example, lakini paneli ya DNS inaikataa. Kwa www imekubali.

Paneli iko sahihi. CNAME, rekodi inayosema jina moja ni lakabu ya jingine, haikai pamoja na rekodi nyingine za jina lile lile, na jina tupu la kikoa lazima liwe na SOA na NS (rekodi za usimamizi na seva za majina za kikoa), achilia mbali MX za barua pepe. Tumia rekodi A kama mtoa huduma anakupa IP ya kudumu. Kama hakupi, tafuta huduma ya DNS yenye ALIAS au ANAME, ambayo huenda kutafuta IP yenyewe na kuijibu kama rekodi A.

Nilibadilisha seva za majina ili tovuti ihamie kwenye akaunti mpya. Tovuti imefunguka, barua pepe zimekatika.

Ukibadilisha seva za majina unahamisha daftari zima la kikoa. Yote ambayo hayakunakiliwa hayapo tena: MX, TXT ya SPF, DKIM, DMARC, ambazo huelekeza na kuthibitisha barua pepe. Yarudishe kutoka paneli ya zamani kabla hujaifunga. Mara nyingine, kama ni tovuti tu inayohama, ziache seva za majina zilipo na ubadilishe rekodi A peke yake. Siku moja kabla ya kuhama shusha TTL, yaani sekunde ambazo jibu la DNS huhifadhiwa, hadi 300. Ukiishusha dakika ile ile ya kuhama haitakusaidia, kwa kuwa waliokwisha kuhifadhi jibu la zamani wataendelea nalo mpaka TTL ya awali iishe.

Certbot imekataa kunipa cheti cha kikoa kimoja, vingine vyote vimepata.

Kwanza acha kurudia amri. Let's Encrypt, mtoaji wa vyeti ambaye Certbot humwomba, huruhusu majaribio 5 yaliyoshindikana kwa jina moja kwa saa, baada ya hapo utakataliwa hata kama umesharekebisha. Jaribu kwa `--dry-run`, ambayo hutumia seva yao ya majaribio.

Kisha linganisha `dig +short A duka.example` na IP ya seva yako, na urudie kwa AAAA, rekodi ya anwani ya IPv6. Hii ya pili ndiyo huwaponyoka wengi: rekodi A imesahihishwa, lakini AAAA ya seva ya zamani imebaki, na Let's Encrypt hupendelea IPv6 ikiwepo. Ifute, au uielekeze kwenye seva mpya. Kama zote ziko sawa, hakikisha poti 80 iko wazi, kwani uhakiki wa HTTP-01, unaothibitisha kikoa kupitia HTTP, huanzia hapo. Mwisho tazama rekodi ya CAA, ambayo huenda inamruhusu mtoaji mwingine wa vyeti tu.

Kila kikoa kipe cheti chake. Cheti kimoja kinaweza kubeba hadi majina 100, lakini mteja mmoja akiacha kikoa chake kife, uhakiki wa jina hilo utashindikana na cheti cha wote kitagoma kuhuishwa.

Mtumiaji akiingia duka.example, naweza kumfanya awe ameingia shule.example pia?

Si kwa kidakuzi (cookie, alama ambayo tovuti huiacha kwenye kivinjari), maana kidakuzi hakivuki kutoka kikoa kimoja hadi kingine. Utahitaji mfumo mmoja wa kuingia, kwa mfano wa OpenID Connect. Kama unaweza kuchagua, vikoa vidogo vya jina moja ni rahisi zaidi, kwani kidakuzi chenye Domain=duka.example hufika kwenye vyote.

Natumia cPanel, paneli ya kusimamia tovuti. Programu ya kikoa cha pili inafunguka pia kama folda ndani ya kikoa cha kwanza.

Folda yake umeiweka ndani ya public_html, folda ya tovuti ya kikoa cha kwanza. Ihamishe iwe kando yake, kisha ubadilishe Document Root (folda ambamo tovuti husomwa) ya kikoa hicho kwenye ukurasa wa Domains. Faida haiishii kwenye anwani. Faili la .htaccess (la kanuni za Apache) la folda ya juu hutawala pia folda zilizo ndani yake, hivyo kanuni za programu ya kwanza zinaweza kuwa ndizo zinazoleta zile 404 na 500 zisizoeleweka kwenye ya pili.

Hata zikikaa kando, programu za akaunti moja ya cPanel hutumia mtumiaji mmoja wa mfumo. Atakayevunja moja kupitia programu-jalizi ya zamani anaweza kuandika kwenye faili za zote. Inayoshughulikia malipo au taarifa za watu itengee akaunti yake. Kwenye seva yako mwenyewe, kila programu ipe mtumiaji wake wa Linux, mtumiaji wake wa hifadhidata, na kikomo cha kumbukumbu kwenye faili lake la systemd (kisimamizi cha huduma za Linux), mfano `MemoryMax=400M`, ili moja ikivimba isizizime nyingine.