Intro ya AI inakataa kukaa na kiki ya hardstyle

Kaka wa Ngamiani, umeuliza kwa nini intro uliyoitoa Suno, programu ya AI ya kutunga muziki, inapwaya ikikutana na kiki (ngoma nzito ya chini) ya wimbo wako wa hardstyle, muziki wa elektroniki wa kasi, kwenye BPM 150, yaani mapigo 150 kwa dakika. Ni kwa sababu mara nyingi AI haifuati sawasawa gridi, ile mistari ya mapigo kwenye programu. Baa 16 (kila baa mapigo manne) kwa BPM 150 ni sekunde 25.6, kipande chako kikisoma 25.8, ujue kiko kwenye 148.8 hivi, na kitaachana na kiki kidogo kidogo. Kiingize FL Studio, programu yako ya kutengenezea muziki, weka mdundo wa kwanza juu ya mstari, ndipo ukinyooshe kilingane na 150. Tofauti ikiwa kubwa kwaya inaanza kutetemeka, hapo toa nyingine tu, usihangaike.

Unapoandika maelekezo, usiombe wimbo mzima. Omba nyuzi nzito, kwaya, F maina, bila ngoma kabisa. Ngoma za AI huja zimegandana na besi, na hata ukizitenganisha kunabaki mchakacho juu ya sahani za ngoma (simbali). Noti ihakiki kwa piano, maana unaweza kuomba F ukapewa jirani yake.

Halafu kwenye kipande cha AI kata kila sauti iliyo chini ya Hz 120. Mkia wa kiki ya hardstyle una noti yake. Ukiacha besi ya AI pale, itapigana na mkia huo na sauti ya chini itavurugika.

Kwenye wimbo wenyewe, kabla ya intro hiyo weka baa 16 za kiki tupu, la sivyo DJ wa Raskazone hana pa kuchanganyia. Na ukitaka kuipeleka singeli, usiinyooshe intro hadi BPM 200 na ushee, itoe upya.