"Toy" si mdoli tu: jibu la mtafsiri aliyeumbuka

Mleta mada ameuliza kwa nini Waingereza wanamwita mbwa hai "toy dog" ilhali sote shuleni tulifundishwa "toy" ni mdoli. Mkuu, neno hilo liliwahi kunitoa jasho.

Nilipewa kijitabu cha historia ya Birmingham, Uingereza, nikitie kwenye Kiswahili. Humo "toy maker" zimejaa tele. Nikaandika "mafundi midoli", nikasonga mbele. Mhariri akanirudishia kazi ina duara jekundu mahali hao mafundi wanapouza vifungo vya makoti na bizimu za viatu. Pembeni kaandika: "Midoli gani hii, kaka?"

Kumbe Birmingham ya karne ya 18, "toy" ilikuwa kidude chochote kidogo kilichofanyiwa ufundi, hasa cha metali: kifungo, bizimu, mkufu wa saa, kikopo cha ugoro. Mali ya watu wazima wenye pesa zao! Edmund Burke, mwanasiasa wa enzi hizo, aliuita mji huo duka la "toy" la Ulaya. Hata Matthew Boulton, aliyeingia ubia na James Watt wa injini za mvuke mwaka 1775, alirithi biashara hiyo kwa baba yake.

Asili ya neno bado wataalamu wanavutana. Wapo wanaolihusisha na "tuig" la Kiholanzi, yaani zana. Ila matumizi ya kale kabisa yalihusu michezo ya wapenzi, kushikanashikana huko. Baadaye likawa upuuzi, kitu kisicho na uzito; Macbeth, mhusika wa tamthilia ya Shakespeare, mfalme keshauawa, anasema kilichobaki duniani ni "toys" tu. Watoto wamelipata mwishoni mwa karne ya 16, wamechelewa kweli.

Kwa hiyo mbwa wako kaitwa hivyo kwa udogo wake, basi. Na "to toy with" usihangaike nayo, Kiswahili kinayo tayari: ukisikia jamaa "anamchezea binti wa watu", nani anawaza midoli?

Mimi niliishia kuandika "mafundi wa vikorombwezo". Mhariri akaipitisha, ila mpaka tunamaliza kazi ile aliniita Bwana Midoli.